Nilikwenda Mathura Kuomba Mtoto, Nikakutana na Wale Sita wa Devaki

Ba, mavyaa yangu, ndiye aliyesema twende Mathura, India. Alisema hivyo miezi michache baada ya binti yangu kuzaliwa bila pumzi, mimba ikiwa ya miezi saba, katika hospitali moja hapa Mombasa. Kwetu Wahindu mtoto mchanga hachomwi, huzikwa. Mume wangu na kaka yake walikwenda kumzika asubuhi, mimi nikabaki kitandani. Siku iliyofuata maziwa yakaanza kutoka. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mwili hauna habari ya msiba, kwamba maziwa huja tu. Nesi wa zamu ya usiku alinikuta nalia, akanionyesha namna ya kujikanda kwa kitambaa cha maji baridi, akakaa nami kimya mpaka nikalala. Mungu ambariki popote alipo.

Naandika kwa ajili ya mwanamke aliye katika hali hiyo sasa hivi. Muda si mrefu jamaa zake watamwambia, kwa nia njema kabisa: funga Janmashtami, mbembeze Bwana Krishna katika pembea yake, mwakani utambembeza wako. Mimi niliambiwa, nikafunga safari mpaka alikozaliwa Krishna mwenyewe. Nililoliona huko si nililoahidiwa, na nasikitika kwamba ilinibidi niende mbali vile kulipata, maana limeandikwa katika kitabu kilichokuwa kabatini kwetu siku zote.

Kwa asiyeijua: Janmashtami ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, Mungu wetu aliyekuja duniani kama mtoto. Huangukia siku ya nane ya mwezi unaopungua, Agosti au mapema Septemba, na kilele chake ni saa sita ya usiku, saa aliyozaliwa. Sisi wenye asili ya Gujarat huiita Atham, na haiji peke yake. Siku mbili kabla yake ni Randhan Chhath, siku ya kupika mpaka usiku: thepla, puri, viazi vikavu, vitamutamu. Kesho yake ni Satam, siku ya Shitala Mata. Siku hiyo jiko haliwashwi hata kwa chai. Husafishwa, likawekewa maua na kuombewa, na watu wote nyumbani hula chakula cha jana kikiwa baridi. Shitala ndiye Mama aliyekuwa akikimbiliwa zamani ndui ilipoingia kijijini. Akina mama huketi pamoja, mmoja akasimulia hadithi yake, nao wakawaombea watoto wao uzima. Ndipo inapofuata Atham, siku ya kufunga mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo siku moja ni ya wenye watoto, na siku ya pili ni ya kumshangilia mtoto. Aliyefiwa na mtoto ajiweke wapi? Ba aliliona hilo kabla yangu, na nadhani ndiyo sababu alitaka tuwe safarini siku hizo, mbali na kina mama wa mtaani na maswali yao.

Nitaje fedha, kwa sababu watu wakisimulia safari za ibada huwa wanaziruka. Tiketi za watu watatu, Nairobi hadi Delhi kupitia Mumbai, zilikula shilingi 250,000 hivi. Hiyo ilikuwa akiba tuliyoiweka kwa ajili ya uzazi. Chumba cha dharamshala, nyumba ya kulala mahujaji, huko Vrindavan, mji jirani wa Mathura, ambacho siku za kawaida kilikuwa rupia 800, wiki ya sikukuu kilikuwa 3,000, tena kwa kuwa tuliandika nafasi miezi miwili mapema. Waliochelewa tuliwakuta wamelala kwenye varanda. Msafiri wa kutoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano anapoingia India, na chanjo lazima iwe imepita siku 10. Usiiache mpaka wiki ya mwisho.

Na kabla ya kulipa chochote, uliza tarehe. Kalenda yetu ya Kigujarati huhesabu siku hiyo ndani ya mwezi wa Shravan, ya kaskazini mwa India huiita ya Bhadrapada; hilo lisikutishe, siku ni moja. Linalosumbua ni kwamba mapokeo mawili yanaweza kupishana kwa siku. Mwaka 2025 wengine walifunga tarehe 15 Agosti, wengine 16. Hata mahekalu ya mji mmoja hupishana. Ukishajua ni hekalu lipi unaloliendea, fuata tarehe ya hekalu hilo, kisha ongeza siku moja mbele na moja nyuma.

Mathura iko kilomita 150 hivi kutoka Delhi, kando ya mto Yamuna, na Vrindavan iko kilomita 12 hivi kutoka hapo. Agosti ni katikati ya masika yao. Ni joto lile la Mombasa la Machi, halafu mvua juu yake. Vichochoro hujaa maji yaliyochanganyika na mavi ya ng'ombe, na viatu huachwa nje ya kila hekalu. Chukua mfuko wa plastiki uvibebe viatu vyako, na dawa ya miguu. Vrindavan vua miwani kabla ya kuingia vichochoroni, kwa sababu nyani wa pale huinyakua usoni na hawairudishi mpaka wahongwe kinywaji cha pakiti. Ba alinyakuliwa yake siku ya kwanza, akakaa saa nzima haoni vizuri, akashikwa na hofu. Mzee asiyeona vizuri katika umati ule ni jambo la hatari.

Tulianzia Vishram Ghat, ngazi za kushukia mtoni, mahali ambapo inasemwa Krishna alipumzika baada ya kumuua mjomba wake, Kamsa. Ndipo padri mmoja wa Kihindu alipotushika. Aliuliza tumetoka wapi, akauliza watoto wangapi. Ba akamwambia ukweli wote pale pale ngazini. Yule bwana akanitazama, akasema mtoto akifa tumboni ni deni la mama la maisha yaliyopita, na deni hulipwa kwa puja, yaani ibada, maalumu. Alianza na rupia 21,000, akashuka 11,000, akaishia 5,100. Mume wangu alilipa, kwa sababu Ba alikuwa anatetemeka. Nilikaa pale nikamwagiwa maji na kurudia maneno, na rohoni nilikuwa natafuta ni dhambi gani niliyoitenda.

Ukifikia hapo, dada yangu, inuka uondoke. Mapadri wema wapo, nao hawatakuuliza idadi ya watoto. Sadaka ya padri ni hiari; akikutajia bei kwanza halafu akaipunguza kama muuza mitumba, hiyo ni biashara. Na mtu yeyote akikwambia umemuua mwanao kwa dhambi zako, muulize Devaki, mama yake Krishna, alitenda dhambi gani. Mimi sikuwa na jibu hilo siku ile. Nililipata baadaye, na nitalifikia.

Hadithi yenyewe kila mtoto wa Kihindu anaijua. Kamsa, mfalme wa Mathura, alikuwa anamsindikiza dada yake Devaki aliyeolewa siku hiyo na Vasudeva, ndipo sauti ya mbinguni ikamwambia kwamba mtoto wa nane wa dada huyu ndiye atakayemuua. Akataka kumkata Devaki papo hapo. Vasudeva akamwokoa mkewe kwa ahadi: kila mtoto atakayezaliwa nitakuletea mwenyewe. Sita waliuawa. Wa saba, Balarama, alihamishwa kimiujiza akaingia tumboni mwa Rohini, mke mwingine wa Vasudeva. Wa nane akazaliwa gerezani, saa sita ya usiku, mvua ikinyesha. Walinzi wakalala, minyororo ikaanguka, milango ikajifungua. Vasudeva akambeba mtoto akavuka naye Yamuna iliyofurika mpaka Gokul, akamlaza kando ya Yashoda, mwanamke ambaye ndiye angemlea, akamchukua binti ambaye Yashoda alikuwa amemzaa usiku ule ule, akarudi naye gerezani.

Nimeisikia hadithi hii tangu sijaota meno, na kila mwaka msimulizi hupita kwenye wale sita kwa pumzi moja. Sita waliuawa, kisha twende kwa wa nane. Nami nilikuwa napita hapo hapo kama wenzangu.

Mahali panapoaminika kuwa ni gereza lile pamo ndani ya uwanja wa hekalu la Janmasthan, Mathura. Limepakana na msikiti wa Shahi Idgah, uliojengwa karne ya 17 enzi za Aurangzeb, na kesi za ardhi ile zimekuwa mahakamani miaka mingi, kwa hiyo ulinzi ni mkali. Simu, kamera na mikoba haviingii. Huachwa kwenye makabati ya nje, na foleni ya makabati usiku wa sikukuu ni ndefu kuliko ya hekalu. Ushauri wangu ni kwamba usiende usiku wa sikukuu. Nenda asubuhi mapema ya siku mbili kabla. Usiku wenyewe watu hujaa mpaka barabarani na wengi huishia kutazama skrini, ilhali asubuhi ile sisi tuliruhusiwa kusimama ndani.

Ni chumba kidogo chenye mwanga hafifu. Nilitarajia furaha. Lakini nilipokuwa ndani nilifikiria mambo ya kawaida kabisa: kwamba katika chumba kama hiki mwanamke alishika mimba mara nane akijua. Kwamba Bwana alipozaliwa hapa hapakupigwa ngoma. Ngoma zilipigwa Gokul, ng'ambo ya mto, kwa mwanamke mwingine. Hapa kabla ya mapambazuko mikono ya Devaki ilikuwa mitupu tena, na Kamsa alikuwa mlangoni kumchukua binti wa watu. Kitabu kinasema yule binti alimponyoka Kamsa mikononi, akapaa akiwa mungu wa kike, na mpaka leo anaabudiwa Vindhyachal. Nilimfikiria sana yule binti. Yashoda alizaa akiwa amezimia kwa uchovu, akaamka na mtoto wa kiume, na hakujua kwamba alikuwa na binti. Wangu pia alikuwa binti, na kuna watu waliojaribu kunifariji kwa hilo.

Nilimuuliza Ba tulipotoka: kwa nini tunasherehekea tu? Alinyamaza. Ba si mtu wa kunyamaza.

Suala la kufunga lilitugombanisha kidogo. Ba hufunga Atham bila hata maji, nirjala, kama mama yake alivyofanya huko Kutch. Alitaka nami nifunge hivyo ili ombi liwe na nguvu. Daktari wangu alikuwa amenikataza, kwa sababu damu yangu ilikuwa chini tangu nilipojifungua. Nilimsomea Ba sura ya 6 ya Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, ambapo Krishna mwenyewe anamwambia rafiki yake Arjuna kwamba njia ya yoga si ya mtu alaye kupita kiasi wala asiyekula kabisa. Alikubali kwa shingo upande. Kwa hiyo nilifunga kwa matunda na maziwa: hakuna nafaka, hakuna maharage, chumvi ni ile ya mawe tu. Huliwa viazi, sabudana, ndizi, karanga, na kwetu Mombasa tunaongeza mihogo. Maji kunywa wakati wowote. Kama una upungufu wa damu, kisukari, au unanyonyesha, funga hivyo na usikubali kusukumwa zaidi, maana joto la Vrindavan mwezi wa Agosti huangusha hata vijana. Kufunga huku kazi yake ni kuufanya mwili utulie na kungoja. Huwezi kungoja huku umezimia.

Siku ya Satam Ba alitoa thepla alizobeba kutoka Mombasa, tukazila baridi na achari chumbani, bila chai. Watu wa Vrindavan hawaishiki Satam siku hiyo, kwa hiyo hapakuwa na mkusanyiko wa akina mama. Nilishukuru.

Jioni hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza polepole. Vrindavan kuna wajane kwa maelfu, wengi wao wametoka Bengal, waliokuja kumalizia maisha yao karibu na Krishna. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyevaa sari nyeupe, alikuwa akija kila alasiri kwenye ua wa dharamshala yetu kuwasomea wanawake Bhagavata Purana, andiko letu la habari za Krishna, kwa Kihindi. Kihindi changu ni cha kuchanganya na Kigujarati, lakini alisoma taratibu nami nilimfuata. Alikuwa kwenye kitabu cha kumi, kinachosimulia maisha ya Krishna. Wasomaji wengi msimu huu husimulia kuzaliwa, kuiba siagi na kucheza filimbi, wakaishia hapo. Yeye alikuwa ameshapita mbali, yuko sura ya 85.

Miaka mingi imepita. Kamsa ameuawa zamani, Krishna ni mtu mzima, yuko katika mji wake, Dwaraka, na wazazi wake. Devaki ni mwanamke mwenye heshima zote za dunia. Mwanawe ni Mungu, na anajua hivyo. Siku moja anasikia habari kwamba Krishna na Balarama walimrudisha kutoka kwa wafu mtoto wa mwalimu wao, Sandipani. Basi anaanza kulia. Anawaambia wanawe: nami nileteeni wangu, wale aliowaua Kamsa, nataka kuwaona.

Mama mmoja mbele yangu aliguna. Mimi nilishindwa hata kuguna.

Ndugu wawili wakashuka Sutala, ulimwengu wa chini, kwenye himaya ya mfalme Bali, ambako wale sita walikuwa. Bali akawatoa. Wakaletwa kwa mama yao, bado wachanga. Devaki alipowaona maziwa yakatoka kifuani mwake. Aliwapakata, akawanusa vichwa tena na tena, akawanyonyesha, na kitabu kinasema waliyanyonya maziwa yale yale ambayo Krishna aliyaonja kabla yao. Kisha wale watoto wakainuka, wakamsujudia Krishna, na mama yao, na baba yao, na Balarama, wakaenda mbinguni watu wote wakitazama. Hawakubaki.

Nilimwendea yule mzee baada ya kusoma. Sikumweleza habari zangu. Nilisema tu, "Mataji, maziwa yalitoka baada ya miaka yote ile?" Akaniangalia kwa muda, akasema, "Beti, nani alikwambia yalikauka?" Kisha akanifungulia kitabu cha tisa, sura ya 24, akaniwekea kidole mahali walipoandikwa kwa majina: Kirtiman, Sushena, Bhadrasena, Riju, Sammardana, Bhadra. Waliishi muda mfupi mno, na bado maandiko yamewapa majina.

Nilimwambia habari ya padri wa ghat na deni la mama. Yule mzee akakasirika. Alinirudisha sura ya 85: sababu ya wale watoto kufa imeelezwa pale, nayo ni laana ya kale waliyoipata wao wenyewe kwa Brahma, mungu muumba, walipokuwa wana wa mtakatifu Marichi, kabla hawajawa wana wa Devaki. Hakuna mstari unaomlaumu mama. Mwanamke aliyechaguliwa kumzaa Bwana alizika sita, na maandiko hayamtafutii kosa.

Haya ndiyo ninayoyaamini sasa kuhusu sikukuu hii. Tumefundishwa kwamba Krishna alizaliwa gizani ili giza liondoke, na ni kweli. Katika sura ya 4 ya Gita anasema kwamba kila haki inapofifia yeye huja, zama baada ya zama. Lakini Devaki anaonyesha kwamba hata Mungu mwenyewe alipokuja kama mtoto wa nane, hakuchukua nafasi ya sita waliotangulia. Mama aliendelea kuwa mama wa wanane. Na Krishna hakumkemea kwa kulia, hakumwambia nitazame mimi usahau hao. Alikwenda akawaleta. Kwa hiyo nani mwingine ana haki ya kumwambia mwanamke kwamba atakayezaliwa atamsahaulisha?

Usiku ule nilimsimulia Ba yote. Hakusema kitu, akazima taa.

Atham yenyewe tuliamka mapema kwenda hekalu la Radha Raman. Pale murti, sanamu ya Bwana, ni ndogo sana, na mapokeo yanasema ilijidhihirisha yenyewe mwaka 1542. Jambo zuri kwa wenye wazee ni kwamba Radha Raman huadhimisha kuzaliwa mchana, tofauti na mahekalu mengi: murti huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli na asali asubuhi, mwanga upo na njia inaonekana. Umati ni mkubwa bado, lakini una pa kutokea. Hekalu la Banke Bihari ni jambo jingine. Pale aarti, ibada ya taa, ya alfajiri hufanywa mara moja tu kwa mwaka, usiku wa Janmashtami, na kila mtu anaitaka. Agosti 2022 watu wawili walikufa kwa kukosa hewa katika msongamano huo. Kama una mzee, mtoto, au mwili ambao haujapona, usiende usiku ule. Nenda siku nyingine yoyote; Bwana ni yule yule, na pazia lake hufunguliwa na kufungwa kila siku.

Usiku wa manane tuliusubiri uani kwa dharamshala. Kengele zilipolia mji mzima, kombe likapulizwa, murti ya mtoto ikaogeshwa, ikavishwa nguo mpya ya njano, ikalazwa katika pembea ndogo yenye maua. Wanawake wakapanga foleni kuvuta kamba. Ba alikuwa mbele yangu. Alipofika aliivuta kamba, na nikamsikia anataja majina kwa sauti ya chini: Kirtiman, Sushena, Bhadrasena. Aliyakumbuka yote sita. Kisha akataja jina la saba, ambalo tulikuwa tumemchagulia binti yangu na ambalo hakuna aliyelitamka nyumbani kwetu tangu siku ya maziko.

Nami nilivuta kamba. Sikuomba chochote. Tukapewa panjiri ya unga wa giligilani na kijiko cha panchamrita, kinywaji kitakatifu, yenye jani la mrihani mtakatifu, tukafungua.

Kesho yake ni Nandotsav, siku Gokul inaposherehekea. Watu hurushiana mtindi wenye manjano, wanaimba kwamba furaha imeingia nyumbani kwa Nanda, mume wa Yashoda. Nilikwenda kwa sababu gari lilishalipiwa. Kama msiba wako ni mbichi, usiende. Furaha yao ni halali na hawana kosa, ila ni ya Yashoda, na mtu anaweza kuikabili mwaka mwingine. Nilirudi garini nikakaa na dereva mpaka wengine walipomaliza.

Watu wengi wameniuliza kama ombi limejibiwa, maana yake kama nina mimba. Sina. Huenda nikapata, natamani kupata, na daktari amesema tusubiri mpaka damu ikae sawa. Nawaomba wanaoniuliza waniulize pia jina la yule niliyekuwa naye.

Kwa mwenye uwezo wa kusafiri, Mathura inastahili, kwa tahadhari nilizozitaja. Kwa asiye na uwezo, au ambaye akiba yake ni ya hospitali, sura ya 85 si ndefu, na tafsiri zake za Kigujarati, Kihindi na Kiingereza hazikosekani. Mwaka huu, jioni ya Satam, akina mama wakishamaliza hadithi ya Shitala, Ba atafungua sebule yake kwa wanawake waliofiwa na watoto, wa mimba au wa umri wowote, tuisome pamoja. Wa dini nyingine wanakaribishwa pia. Wawili Waislamu na mmoja Mkristo wameshasema watakuja. Jiko halitawashwa, kwa hiyo mtu akitaka chai ya moto aje nayo katika chupa.